Funzo lake ni nini, Mama Stesheneri?

Mbuzi wa mama alikula ripoti ya shule ya mwanangu Desemba ya 2013 na mambo yote haya ya mimi kuandika vitabu vya watoto yalianzia hapo, ingawa siku ile sikujua, siku ile nilikuwa na hasira tu. Tulikuwa tumepanda Uru kwa ajili ya Krismasi, si unajua Wachaga na kwenda kuhesabiwa, yaani kurudi kwetu kila Desemba, na sisi tunaokaa Moshi mjini hatuna hata kisingizio cha nauli maana ni kuingia kwenye Noah tu, muda si mrefu uko juu kwenye migomba. Binti yangu alikuwa darasa la pili. Toka asubuhi ameshika ripoti yake anataka kumsomea bibi yake, bibi akamwambia subiri kwanza nimalize kumenya ndizi, mtoto akachoka kusubiri akaichomeka kwenye mbao za banda la mbuzi akaenda kucheza na binamu zake. Sasa mbuzi wa kwetu hawachungwi, wanafungiwa bandani wanaletewa majani, na mbuzi anayekula majani ya mgomba Januari mpaka Desemba nadhani ukimpa karatasi kwake ni pilau. Tulikuta kimebaki kipande chenye muhuri wa shule na nusu ya neno Tabia.

Binti hakulia. Alikuja akasimama mbele yangu akauliza, "Mama, amekula na Hisabati?"

Nikamwambia amekula yote. Akacheka mpaka akakaa chini, kwasababu Hisabati ndo alikuwa amefanya vibaya na sasa ushahidi uko tumboni kwa mbuzi.

Mi nina stesheneri karibu na soko la Mbuyuni, toka 2009. Kopi, kuchapa, laminesheni, baindingi, picha za pasipoti, barua za kuomba kazi, na mitihani ya shule maana walimu wengi wanaleta imeandikwa kwa mkono mi naichapa. Kwa hiyo nilikuwa nachapa maneno ya watu wengine kutwa nzima na sijawahi kufikiria kwamba naweza kuchapa ya kwangu. Mwandishi kwangu alikuwa mtu amekaa Dar ana miwani. Lakini ile Januari wateja wakiwa wachache (Januari kila mtu hana hela, ada zimemaliza) nikakaa kwenye kompyuta nikaandika habari ya mbuzi aliyekula ripoti. Niliandika siku moja, kurasa tano, nikaona nimemaliza. Hapo naomba ucheke, maana kutoka siku ile mpaka kitabu kutoka ilipita miaka mitatu na kitu.

Ile ya kwanza ilikuwa mbaya sana na ninayo mpaka leo kwenye flashi. Ilianza na mtoto aliyekuwa hasikilizi wazazi wake. Anaambiwa tunza vitu vyako hatunzi, mbuzi anakula ripoti, mtoto analia, mama anamwambia unaona sasa, mtoto anaomba msamaha, anakuwa mtoto mzuri, mwisho. Yaani yule binti yangu aliyecheka mpaka akakaa chini hayumo kabisa, nimemtoa nikaweka mtoto mwingine analia. Sijui nilimtoa wapi. Namaanisha najua nilimtoa wapi, nilimtoa kwenye vitabu nilivyosoma mi mwenyewe shuleni na kwenye mitihani yote ile niliyokuwa nachapa, ufahamu aya tatu, swali la tano "hadithi hii inatufundisha nini".

Nikamsomea binti. Akasikiliza mpaka katikati akauliza kama anaweza kwenda kucheza.

Pale stesheneri wanakuja watoto wengi, wanatumwa kununua daftari na kalamu au wanamsubiri mama yao amalize sokoni. Nikaanza kuwasomea. Sikuwa na mpango wowote wa maana, nilikuwa nataka tu mtu mmoja aniambie ni nzuri. Hakuna aliyeniambia. Mtoto hana adabu ile ya mtu mzima ya kusema "hongera dada umejitahidi", yeye akichoka anaangalia pembeni anaanza kuchezea stepla yako. Ila kulikuwa na kijana mmoja mdogo, mama yake anauza nyanya hapo mbele, huyu kila nikisoma lazima aulize jambo moja. Mbuzi alikula nini kabla ya ripoti? Baada ya ripoti alikunywa maji? Yule mtoto aliyelia, jioni alikula nini? Nilikuwa namwona msumbufu, namjibu "alikula ugali, nyamaza tuendelee", na nikimjibu ananyamaza kweli, anatulia kabisa kama mtu aliyekuwa anadaiwa akalipwa.

Baadaye usiku niko nyumbani Pasua nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama. Bibi alikuwa anatusimulia jikoni, jiko la kuni, moshi mpaka machozi, tunasubiri mtori uive, na anasimulia Kichaga. Hadithi zake nyingi zilikuwa za irimu, lile zimwi la kwetu, na kitu ambacho sikuwahi kukiwaza ni kwamba bibi alikuwa anataja chakula mno. Irimu amefika, amekuta nini chunguni, amekula ndizi za aina gani, amebakiza ngapi, binti aliyefichwa kwenye gunia anasikia njaa anapewa nini. Na hadithi ilikuwa inaisha pale inapoisha. Irimu amekufa, haya mkalale. Hajawahi hata siku moja kutuuliza tumejifunza nini, angetuuliza nafikiri tungemshangaa kama amechanganyikiwa.

Basi nikaanza upya. Nikamrudisha binti anayecheka. Na nikaamua mbuzi ale somo moja moja, siyo ripoti yote kwa mkupuo. Kwanza amekula Kiswahili, kitamu kidogo. Afu Sayansi, ina majani majani. Afu Hisabati, hapo anatafuna pole pole maana ni ngumu. Yule kijana wa nyanya nilipomsomea hiyo hakuuliza kitu mpaka mwisho. Alisema tu, "Rudia pale pa Hisabati."

Kuna jambo la lugha nataka niliseme kwa kirefu kidogo maana watu wanaotaka kuandika huwa wananiuliza. Niliwahi kwenda semina ya uandishi, siku mbili, tukaambiwa kwa watoto wanaoanza kusoma sentensi isizidi maneno matano sita. Nikarudi nikahesabu maneno, nikafurahi, sentensi zangu zote fupi. Afu nikamkalisha mtoto wa jirani wa darasa la pili anisomee. Kulikuwa na sentensi ya maneno matatu tu: Mtoto aliyemkimbilia alichelewa. Maneno matatu jamani! Yule mtoto akaweka kidole. A. Li. Ye. M. Ki. Mbi. Li. A. Alipofika kwenye "a" ya mwisho jasho linamtoka, na uso wake ukanionyesha wazi kwamba ameshasahau tulikuwa tunamzungumzia nani. Kiswahili kinaweza kubeba sentensi nzima ndani ya neno moja na sisi watu wazima tunaona raha, lakini mtoto wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) anatembea silabi kwa silabi, kwake yeye neno refu ni mlima. Kwa hiyo mi nikaacha kuhesabu maneno nahesabu silabi. "Mtoto akakimbia. Akachelewa." Hapo anapumua. Na nikajifunza kuwa mwangalifu na nyw, mbw, ng' yenye king'ong'o, siyo kuziacha kabisa maana lazima azijue, ila ukishampa "ng'ombe" kwenye ukurasa basi maneno mengine ya ukurasa ule yawe mepesi. Hii hakuna aliyenifundisha zaidi ya kile kidole cha yule mtoto, na kucha yake ilikuwa na wino wa bluu naikumbuka mpaka leo.

Lakini pia usiogope neno geni kama lina utamu mdomoni. "Kutafuna" wanaipenda. "Mkupuo" wanaipenda bila kujua maana yake.

Mchoraji sasa. Nilimpata Arusha, chalii mmoja anachora picha za kuuzia watalii, mlima, jua linazama, Wamasai warefu wembamba kama mianzi. Mkono wake mzuri mno. Nikampa hadithi, baada ya wiki mbili nikapanda basi kwenda kuangalia, kama kilomita 80 hivi, nimejaa furaha. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nyumba ya udongo imeezekwa nyasi, nyuma yake Kibo imejaa theluji, na pembeni chini ya mti kuna tembo.

Nikamwambia kaka, Uru hatuna tembo. Akasema dada, hapo panapendeza. Nikamwambia panapendeza kweli lakini mtoto wa kule ataniuliza huyo tembo ni wa nani. Na nyumba ya mama ni ya bati, ina tenki la maji la plastiki na waya wa kuanikia nguo, tulipanda nikaenda kumwonyesha kabisa siku nyingine, akakaa bandani na mbuzi saa nzima anachora. Hapo ndo nikaona kipaji. Alichora jicho la mbuzi, ile mboni yake imelala kama kidirisha, na kipande cha karatasi kimening'inia mdomoni kina herufi. Akaniambia, "Dada hapa futa maneno yako." Nilikuwa nimeandika mbuzi alimtazama mtoto kwa dharau huku akitafuna bila haraka. Kweli, picha ilikuwa imeshasema yote. Nilifuta nikiwa nimekasirika, na nikiwa kwenye basi la kurudi nimefika Boma Ng'ombe nikaanza kufuta na zingine mwenyewe. Nadhani theluthi ya maneno yangu ilikufa kwenye basi lile.

Kumtafuta mchapishaji nisikuchoshe. Barua pepe nyingi, kimya kingi, mmoja akanijibu baada ya miezi nane wakati nimeshasahau. Dar. Huko nikakutana na vitu vya ufundi ambavyo sikuvijua pamoja na kwamba nashinda na karatasi kila siku, mfano mswada wangu ulikuwa umekaa kurasa 29 wakaniambia haiwezekani, kitabu cha kupigwa pini katikati kinakwenda kwa nne nne, ama 24 ama 28 ama 32, na 24 ndo bei inavumilika. Nikajiona mjinga maana hilo nalifanya dukani kila siku kwenye vijitabu vya harusi na misiba, sikuwahi kuunganisha tu. Tukakata ikawa 24. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, wanaichukua Bodi ya Huduma za Maktaba, ya kwangu imeanza na 978 9987, nilivyoiona mara ya kwanza niliipiga picha kama mtoto mchanga.

Afu mhariri akanipigia simu. Dada mzuri, mpole, simsemi vibaya. Akasema kitabu tumekipenda, tatizo moja dogo tu, funzo lake ni nini?

Nikamwambia mbuzi amekula ripoti.

Akasema ndiyo, lakini funzo.

Tulivutana na simu ile hela zake zote zikaisha akapiga tena. Na alikuwa na hoja, naomba niwe mkweli. Mtoto hanunui kitabu. Ananunua mzazi, au mwalimu, au mkuu wa shule, na kitabu kikitaka kuingia darasani lazima kipate ithibati, zamani ilikuwa ile kamati ya EMAC mpaka ilipovunjwa 2013, siku hizi ni kupitia Taasisi ya Elimu, na kila mmoja wa hao akifungua ukurasa wa mwisho anatafuta mstari unaomwambia hela yake haijaenda bure. Kitabu cha mbuzi aliyekula ripoti na mtoto akacheka kinaonekana kama kinawafundisha watoto utundu. Nikakubali. Nilikuwa nataka kitabu kitoke, na mtu anayetaka kitu sana hawezi kubishana vizuri. Ukurasa wa 24 tukaweka: Tangu siku hiyo, mtoto alijifunza kutunza vitu vyake na kuwatii wazazi wake. Picha ya mtoto amekumbatia ripoti mpya, anatabasamu kama anapigwa picha ya kitambulisho. Chalii wa Arusha aliichora ile bila moyo na inaonekana.

Kitabu kimetoka 2017. Maboksi mawili ya kwangu yalikuja na basi, nikaenda stendi kuyachukua na toroli, nikafungua hapo hapo stendi watu wananiangalia. Harufu ya wino mpya mi naijua maisha yangu yote, lakini ile ilikuwa nyingine.

Nikaanza kuzunguka shule za msingi kusoma, nimeomba ruhusa kwa walimu wakuu, naenda Ijumaa mchana maana dukani kunakuwa kumepoa. Darasa moja lina watoto 80, 90, umesimama mbele na kitabu kidogo cha A5 wa nyuma hawaoni hata jalada. Nikajifunza kupiga kopi kubwa za A3 zile picha nikazilaminesheni (faida ya kuwa na mashine yako mwenyewe), na nikajifunza kuanza kama bibi zetu walivyoanza, hadithi hadithi, wao wanajibu hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea, hapo hata wa dawati la mwisho wameshakuja. Sauti pia. Ukiwa na sauti ya mwalimu wanakaa mkao wa mtihani. Mi mbuzi namfanyia sauti ya mjomba wangu mmoja, siwezi kusema yupi.

Na hapa ndo niliona kile kitu. Kila shule niliacha nakala tatu nne, afu nikirudi baada ya mwezi naangalia zinavyosomwa. Watoto wawili watatu wanasoma pamoja, wanacheka pale pa Hisabati, wanafika ukurasa wa 23 ambapo mbuzi anapiga mbweu na herufi zinamtoka puani, wanacheka tena, afu wanafunga kitabu. Wote. Hawafungui 24. Nikamuuliza binti mmoja mbona hujamaliza? Akaniangalia kama namuuliza kitu cha ajabu akasema, "Madam, huko ni kule kwa kusemwa."

Nilitembea kwa miguu mpaka dukani siku ile, sikupanda bodaboda.

Hela. Najua ndo mnachotaka kusikia. Mkataba wangu ulisema mrabaha asilimia 10 na kitabu kinauzwa 5,000, nikapiga hesabu haraka haraka mia tano kwa kila kitabu, kumbe kuna maneno mawili sikuyasoma vizuri, asilimia 10 ya mapato halisi, yaani ile bei mchapishaji anayomuuzia mwenye duka baada ya punguzo, na ile ilikuwa 3,000. Kwa hiyo mia tatu. Mwaka wa kwanza zimeuzwa nakala 412, mrabaha 123,600, kodi ya zuio asilimia 15 imeondoka 18,540, nikapokea 105,060 kwenye simu. Kwa mwaka. Mume wangu aliangalia meseji akaangalia mimi akasema hongera mwandishi, na alimaanisha, ila alikuwa anajizuia kucheka namjua. Ukisoma mkataba soma neno "halisi", limejificha hapo kama mwiba kwenye kapeti.

Lakini hiyo siyo kubwa. Kubwa ilitokea 2019, dukani kwangu mwenyewe. Kaingia mwalimu wa shule moja ya binafsi, simjui hanijui, anatoa kwenye mkoba kitabu anataka kopi 40 za kurasa zote. Naangalia, ni mbuzi wangu. Amechakaa vizuri, pini moja imetoka, mtu amempaka mbuzi rangi ya kijani.

Nikamuuliza ni cha nini, akasema dada hiki watoto wanakipenda sana lakini tuna kimoja tu na uongozi umegoma kununua. Nikasimama pale na mkono juu ya mashine. Sheria ya hakimiliki naijua, ya 1999, kazi yangu inalindwa maisha yangu yote na miaka 50 baada ya kufa, wajukuu zangu watakuwa bado wanadai mia tatu zao. Nilikuwa na haki ya kumfukuza. Ila mtu anayesimama pale ni mtu ambaye amepiga kopi vitabu vya watu wengine miaka kumi, riwaya, vya ziada vya sekondari, vitini vya vyuo, hajawahi kuuliza mwenyewe yuko wapi. Kila mwezi. Pango la duka na ada za mwanangu zimelipwa na kopi za vitabu vya watu ambao na wao labda walitembea kwa miguu kurudi nyumbani siku fulani.

Nikampigia kopi.

Kurasa 24 za A5 zinakaa mbili mbili kwenye A4, kwa hiyo pande 12, mia mia, 1,200 kwa kitabu, jalada nikamsamehe, mara 40 ni 48,000. Karatasi 240, hata nusu rimu haijafika, toa na wino na umeme bado kwenye mkono zinabaki kama thelathini na kitu. Usiku nikapiga hesabu nyingine, kwamba angenunua vile 40 dukani mrabaha wangu ungekuwa 12,000 kabla ya kodi. Yaani kuniibia mimi kumenilipa zaidi kuliko kuandika. Sijui nikwambie nilijisikiaje, nilicheka kwanza. Afu sikulala.

Toka pale sipigi kopi kitabu kizima cha mtu aliye hai, nimebandika tangazo ukutani, na nimepoteza wateja siwezi kudanganya, wanavuka barabara tu wanaenda kwa jirani. Wengine wananiona najifanya. Kuna mmoja aliniambia "Mama Stesheneri umeanza kuringa toka uwe mwandishi", nikamwambia laki moja na elfu tano kwa mwaka mtu anaringia nini.

Sasa hivi nina vitabu vinne. Cha pili kilikufa kabisa, nilijaribu kuandika kama nilivyoona wenye tuzo wanaandika, mtoto anasafiri na tai juu ya mlima Meru anaona uzuri wa nchi yake, sentensi zimenyooka kama nguo za Jumapili, na katika kitabu chote hakuna mtu anayekula. Nilikuja kugundua nimeshachelewa. Cha tatu na cha nne vinatembea. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu walipoongeza hadithi za watoto nilituma, mshindi wa kwanza anapata milioni 10, zinatolewa 13 Aprili siku aliyozaliwa Mwalimu, mi niliangalia kwenye simu dukani huku napiga mtu picha za pasipoti. Sikutajwa. Yule mteja picha zake zilitoka macho yamefumba ikabidi nirudie bure.

Binti yangu yuko chuo sasa hivi na anadai mrabaha, anasema wazo ni lake na ripoti ilikuwa yake. Namwambia mbuzi ndo mwenye haki, na mbuzi tulishamla Pasaka ya 2015.

Kitabu cha mbuzi kilirudiwa kuchapwa 2022 na nikasema safari hii ukurasa wa 24 unatoka, nisipopewa hilo sitaki. Mhariri alikuwa mwingine, kijana, akakubali haraka mpaka nikashangaa. Kumbe alikuwa na mpango wake, mstari wa kujifunza ameutoa akaweka maswali ya ufahamu. Matano. La kwanza: Mbuzi alikula nini? La tano mnalijua.

Sikubishana. La kwanza lilinimaliza nguvu, nikamkumbuka kijana wa nyanya, ambaye siku hizi ana bodaboda na akipita ananipigia honi.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja kaleta daftari kuchapishiwa alama za darasa, katikati ya rundo nikaona zoezi la kitabu changu. Jibu kwenye mwongozo ni Mbuzi alikula ripoti. Mtoto mmoja, mwandiko mkubwa unapanda juu kama barabara ya Uru, kaandika: Alikula Kiswahili na Sayansi na Hisabati. Tabia aliacha nusu.

Pembeni mwalimu kaweka kosa, kubwa, kalamu nyekundu. Nikaomba ruhusa nikatoa kopi ya ule ukurasa mmoja, mia moja nikajilipa mwenyewe, na nimeubandika juu ya printa.